Utepe wa Shimo la Mchanga

"Wananchi wote wa Jamhuri Tukufu ya Ustawini mnatangaziwa kwa furaha kuu kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, utoto unakoma kuwa kipindi cha kupoteza muda na unakuwa sekta rasmi ya uchumi. Kila raia aliyetimiza miaka mitatu atatambuliwa kuwa Mwekezaji Mchanga. Kila chekechea itakuwa Kituo cha Awali cha Mitaji. Kila mchezo utaleta faida, na mchezo wowote usioleta faida..."

Hapo kipaza sauti kikakata. Gari la matangazo la Wizara lilikuwa limezimika katikati ya soko la Mtakuja, betri imekufa. Dereva akachungulia dirishani akawaomba wananchi wasukume. Watu wa Mtakuja ni wema. Wakaacha nyanya zao na dagaa wao, wakasukuma mpaka gari likawaka, likawapulizia moshi usoni, na kipaza sauti kikafufuka kwa nguvu mpya: "...utafungwa bila fidia! Ahsanteni kwa ushirikiano wenu."

Ndiyo desturi ya Ustawini. Serikali huleta tangazo, wananchi hulisukuma.

Tangazo lilitoka Wizara ya Mitaji na Malezi ya Awali. Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa wizara moja inashughulikaje na mikopo ya biashara na watoto wa chekechea. Zamani zilikuwa mbili. Ziliunganishwa baada ya mtaalamu aliyelipwa vizuri sana kugundua kwamba wafanyabiashara wadogo na watoto wadogo wote ni wadogo. Tangu hapo muuza mkaa aliyeomba mkopo alirudishwa nyumbani na uji wa lishe na kalamu za rangi, na watoto wa miaka minne wakaanza kuulizwa dhamana zao. Msimulizi haicheki Wizara. Anaeleza tu.

Miongoni mwa waliosukuma gari lile alikuwemo msichana mmoja aitwaye Mwamvua, wa kidato cha tatu katika Shule ya Bweni ya Wasichana ya Nidhamu Njema, aliyekuwa likizo kwa shangazi yake. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye adabu, asiyependa makuu. Msimulizi anamfahamu kwa mbali sana.

Mwamvua alipangusa moshi usoni akamtazama Mama Rehani, muuza vitumbua, aliyekuwa amesukuma upande wa pili.

"Mama Rehani, umesikia tulichosukuma?"

"Nimesikia, mwanangu," alisema Mama Rehani akihema. "Ningejua ningelivuta nyuma."

*

Nyuma ya soko la Mtakuja palikuwa na uwanja. Mwenye uwanja, kama uwanja ule ulikuwa na mwenyewe, alikuwa Mwalimu Havijawa, shangazi yake Mwamvua. Hakuwa na ubao unaong'aa wala viti vya rangi. Alikuwa na bembea za matairi, bomba la karavati lililosahauliwa na mkandarasi wa barabara ambayo nayo ilisahauliwa, na shimo la mchanga.

Shimo lile ndilo lililokuwa roho ya pale. Mchanga wake ulitoka mtoni, ukaletwa kwa mabeseni vichwani mwa wanawake wa sokoni, kila mmoja akileta beseni lake akishafunga meza. Asubuhi waliwaleta watoto migongoni, wakawatua mchangani, wakaenda kuuza. Jioni waliwachukua wakiwa wamelala, mchanga umejaa masikioni. Kati ya asubuhi na jioni soko la Mtakuja lilifanya biashara yake yote.

Sasa ili msomaji aelewe yaliyofuata, ni lazima aijue Sheria ya Mkasi.

Katika Ustawini kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Sengere lilikamilika zamani, lakini kwa kuwa halijazinduliwa, kisheria wanaolivuka wanaogelea. Kwa upande mwingine, stendi ya mabasi ilizinduliwa kwa shangwe, kisha paa lake likaanguka wiki hiyo hiyo. Kisheria paa lipo. Anayefungua mwavuli ndani ya stendi hutozwa faini kwa kulikashifu.

Na kikishazinduliwa, kitu hakibomolewi, hakihamishwi wala hakisemwi vibaya, isipokuwa na mwenye mkasi mkubwa zaidi. Mkasi wa Diwani ni wa chuma. Wa Mkuu wa Wilaya ni wa fedha. Wa Waziri una mpini wa dhahabu na hutembea juu ya mto wa hariri. Juu ya Waziri yuko Mkuu wa Nchi peke yake, ambaye mkasi wake haujawahi kuonekana, ila inasemekana hubebwa na watu wawili wenye mafunzo.

Waziri wa Mitaji na Malezi ya Awali, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Balozi Kibanzi, alikuwa amezindua mambo mengi mno hata mkono wake ukawa unakwenda wenyewe. Akiona kitu chembamba kimevutwa kati ya nguzo mbili, anakata. Alikata kamba ya kuanikia nguo ya mjane mmoja, na nguo zikazinduliwa. Alikata futi ya fundi cherehani aliyekuwa akimpima suti. Alikata utepe wa polisi uliozungushiwa duka lililoibiwa, na kwa kuwa duka lilikuwa limezinduliwa likiwa tupu, mwenyewe hajaruhusiwa kuingiza bidhaa hadi leo.

Wasichana wa Nidhamu Njema waliijua sheria hii vizuri kuliko somo la uraia. Shuleni kwao vyoo vipya vya bweni vilikaa na kufuli muhula baada ya muhula vikisubiri mgeni rasmi, na wasichana wakipanga foleni kwenye vile vya zamani kabla jogoo hajawika. Siku moja Mkuu wa Wilaya alikuja kula pilau kwa Mwalimu Mkuu, Bi. Fausta. Akipita bwenini akakuta utepe mwekundu umefungwa mbele ya vyoo. Akatoa mkasi wake wa fedha, akakata, akahutubia juu ya maji na maendeleo. Bi. Fausta alipiga makofi huku meno yameumana. Jioni ile vyoo vilifunguliwa.

Aliyefunga utepe ule hakujulikana. Mwamvua alipewa adhabu ya kufyeka nyasi, lakini hiyo ilikuwa kwa kosa la kucheka mstarini.

*

Jumatatu ilipofika, Mtendaji wa Kata, Bwana Pazi, alikuja kukagua Kituo cha Awali cha Mitaji. Alikuwa mtu wa kalamu nyingi mfukoni, na zote alizipanga kwa ukubwa. Alisimama ukingoni mwa shimo la mchanga akakohoa kiofisi.

"Nani mkurugenzi hapa?"

Watoto wakamwangalia. Rehani, bintiye muuza vitumbua, mwenye miaka minne na uso wa mtu mwenye shughuli, hakuinua kichwa.

"Usikanyage maandazi."

Mtendaji akaondoa kiatu haraka. "Kumbe unazalisha maandazi?"

"Na chapati. Chapati zimeisha."

"Unauza bei gani?"

"Jani moja. Kubwa, majani mawili."

"Na soko lako ni nani?"

Rehani alimwonyesha mwenzake Kombo, aliyekuwa amekaa pembeni anatafuna taratibu, mashavu yamejaa.

Mtendaji alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mwalimu Havijawa, huyu anakula mtaji."

"Anakula mchanga, Mtendaji. Nimemkataza tangu asubuhi."

"Binti," Mtendaji aliendelea, "ukitaka kukopa ili upanue shughuli zako, utaweka dhamana gani?"

"Nini?"

"Utatupa nini tukushikie?"

Rehani alifikiri kwa makini. Akavua ndala moja akamkabidhi. "Unirudishie kabla mama hajaja."

Mtendaji akaitia ndala kwenye mkoba wa serikali, akafunga zipu. Hakuirudisha.

Mchana watoto walipolala mikekani, alipita katikati yao akinyata, uso umekunjamana. "Nguvu kazi yote imelala! Mwalimu, nitajie sekta nyingine yoyote ambayo wahusika hulala mbele ya watu saa za kazi."

"Bunge," alisema Mwamvua, aliyekuwa akimenya viazi.

Shangazi yake akamfinya paja, ila kwa upole kuliko siku zote.

Matokeo yakatolewa pale pale. Kituo kilikuwa hakijafuzu. Uwanja ungechukuliwa, na mahali pake pangejengwa Kasri la Mitaji, jengo la vioo ambamo wanawake wa sokoni wangepewa mikopo.

"Na watoto wao nitawaweka wapi?" aliuliza Mwalimu Havijawa.

"Mama zao wakishapata mikopo watawajengea mahali."

"Watauza vipi wapate cha kurudisha mkopo, na watoto wako mgongoni?"

"Ndiyo maana, Mwalimu," alisema Mtendaji Pazi, kwa uvumilivu wa mtu anayemfafanulia mjinga, "wanahitaji mkopo."

*

Mwalimu Havijawa alivaa gauni lake la harusi za watu, akamchukua Mwamvua, wakapanda basi kwenda Wizarani. Aliamini bado kwamba mtu akielezwa vizuri ataelewa. Msimulizi anamheshimu kwa hilo, ingawa yeye mwenyewe aliacha kuamini hivyo akiwa kidato cha kwanza.

Ghorofa ya kwanza ilikuwa Idara ya Tepe. Ya pili, Idara ya Tepe, Kitengo cha Rangi. Ya tatu, Idara ya Mito ya Kuwekea Mikasi. Mitaji na malezi vilikuwa kwenye dirisha moja karibu na ngazi, ambapo alikaa afisa kijana, tai imekaza shingo.

"Shikamoo, mama. Mnataka mkopo?"

"Marahaba, mwanangu. Sitaki mkopo. Nataka uwanja wangu usibomolewe."

"Hatuna huduma hiyo. Tuna mkopo. Hutolewa kwa yeyote anayethibitisha kuwa hauhitaji."

"Na anayeuhitaji?"

"Huyo ni hatari kwa benki, mama."

Mwalimu Havijawa akaweka viwiko dirishani. "Nisikilize, kijana wangu. Pale sokoni kuna mwanamke anauza vitumbua. Mtaji wake ni mikono miwili. Nikimshikia mtoto, anakoroga unga. Nisipomshikia, unga haukorogwi. Kila meza unayoiona Mtakuja imesimama juu ya lile shimo la mchanga. Mkijenga kasri juu yake, mtamkopesha nani? Wote watakuwa nyumbani wanabembeleza watoto."

 Chini ya meza ya afisa kitu kilikohoa. Mwamvua akainama, akaona mtoto mdogo amelala kwenye boksi la karatasi, ameshika stepla kama mwanasesere.

"Ni wangu," alinong'ona afisa. "Wizara ilikuwa na chumba cha watoto. Kilifungwa. Hakikuleta faida." Akatazama kulia na kushoto. "Mama, sikiliza. Hakuna wa kukuelewa hapa. Uwanja wako haujawahi kuzinduliwa, kwa hiyo haupo. Jumamosi Waziri anakuja kukata utepe wa jiwe la msingi, kisha tingatinga linaingia. Kwao hawabomoi kitu."

"Haupo," alirudia Mwalimu Havijawa taratibu. "Watoto wetu wanacheza wapi basi?"

Wakapanda basi la kurudi. Mwalimu Havijawa alikaa ameshika mkoba mapajani, na machozi yakimtoka hakuyafuta, kana kwamba yalikuwa ya mtu mwingine. Mwamvua hakuwa amewahi kumwona shangazi yake akilia. 

"Shangazi," alisema baadaye, "kwani utepe wao huwa unafungwa mapema, au Waziri anakuja nao?"

"Nyamaza ule muhindi wako."

Mwamvua akala muhindi wake.

*

Jumamosi uwanja ulipambwa. Hema liliwekwa, viti vya plastiki vikapangwa, na tingatinga likasimama nyuma ya bembea likiwa limevalishwa shada la maua. Utepe wa zambarau wa serikali ulivutwa mbele ya jiwe la msingi, kati ya nguzo za muda. Watoto wa chekechea walipangwa mstari waimbe wimbo mpya wa Wizara:

*Faida, faida, tamu kama pipi,*
*asiyeleta faida tutampeleka wapi?*

Kombo hakuimba. Mdomo wake ulikuwa na shughuli.

Mheshimiwa alichelewa, kama itifaki inavyotaka. Mtendaji Pazi alikwenda nyuma ya hema kufanya mazoezi ya kuinama. Bendi ilikwenda kunywa soda. Wanawake wa sokoni walikaa mbele kama watu walioalikwa kwenye mazishi ya mali yao wenyewe. Na kwa muda mfupi hapakuwa na mtu aliyeutazama utepe.

Msimulizi hakuwepo. Ameambiwa tu na watu wa kuaminika kwamba msichana mmoja alilifikia jiwe la msingi akiwa na ufagio, kana kwamba anafagia. Kwamba aliufungua utepe, akaukunja ndani ya kanga, akaenda nao hadi kwenye shimo la mchanga. Na kwamba aliufunga kwenye miti miwili mifupi iliyokuwa ukingoni, kwa fundo la tranka.

Fundo hilo halijulikani nje ya Nidhamu Njema. Pale matroni hukataza kufuli, kwa madai kwamba msichana anayefunga tranka, sanduku lake la bati, kwa kufuli anamwita matroni mwizi. Basi wasichana hufunga kwa kamba. Unapitisha mara mbili, unarudisha chini ya kidole gumba, kisha ncha ya mwisho unaivuta kwa meno. Sukari yako itakuwa salama hadi kufunga shule. Utepe ule wa serikali, kwa taarifa tu, ulipigwa wanga mpaka ukawa mgumu kama karatasi, na ladha yake ni ya sabuni yenye chumvi.

Ving'ora vikalia. Magari meusi yakaingia. Mheshimiwa Kibanzi akashuka, akapunga mkono kwa watu, kwa tingatinga, kwa jua. Mkasi ukatembea pembeni yake juu ya mto. Akaanza kuelekea kwenye jiwe la msingi, na njiani, chini kidogo, upande wa kushoto, jicho lake likaona kitu chembamba kimevutwa kati ya nguzo mbili.

Mkono ukaenda.

"Mheshimiwa!" Mtendaji Pazi alitoka mbio nyuma ya hema. Lakini Ustawini hakuna mtu anayemwambia Waziri "si hapo." Neno hilo halipo kwenye itifaki. Akalitafuta lingine, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa... hongera mapema!"

"Ahsante," alisema Waziri. Akainama, kwa maana utepe ulikuwa kwenye kimo cha mtoto, akakata.

Bendi ikapiga. Waziri akashika kipaza sauti. "Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kuwa nimezindua rasmi..." Akatazama mbele yake. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mchanga, na katikati ya mchanga mtoto wa kike amesimama, mguu mmoja una ndala na mwingine mtupu.

"Nini hiki?" Waziri alinong'ona, lakini kipaza sauti kikanong'ona naye.

"Maandazi," alisema Rehani. "Ndala yangu iko wapi?"

"...nimezindua rasmi... kituo hiki... cha maandazi..."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Mama Rehani. Alipanda juu ya kiti cha plastiki. "Kimezinduliwa! Sheria ya Mkasi! Wenzangu, kimezinduliwa kwa mkasi wa dhahabu!"

Uwanja mzima ukalipuka vigelegele. Dereva wa tingatinga, raia mtiifu, akazima injini, akavua kofia, akaliondoa shada la maua na kuliweka kwa heshima mbele ya shimo la mchanga.

Waziri Kibanzi hakuwa mjinga. Alikuwa amehutubia mbele ya vitu vya ajabu kuliko hivyo. Akanyoosha tai. "Ndugu wananchi," alisema, "serikali yangu imedhamiria, kwa dhati, kuwekeza katika mchanga."

*

Kesho yake hasira ikamfika. Lakini afanye nini? Kuliondoa shimo kulihitaji mkasi wa Mkuu wa Nchi, na kumwita Mkuu wa Nchi kulihitaji kusema, "Nilikata pasipo pake." Hakuna Waziri aliyewahi kutamka sentensi hiyo, na wataalamu hawana hakika kama ulimi wa Waziri unaweza. Basi ikaundwa Tume ya Kuchunguza Utepe Uliohama.

Tume ilimkamata Mwalimu Havijawa. Uwanja ulilindwa na sheria, lakini mwalimu hakuwa amezinduliwa. Alikalishwa kwenye benchi la ofisi ya kata, na shimo la mchanga likabaki na kila heshima ya taifa isipokuwa mtu wa kuwaangalia watoto. Mama Rehani alikoroga unga na mtoto mgongoni, mafuta yakamrukia mkononi. Muuza dagaa alifunga meza. Muuza nyanya naye akafunga. Kufikia Alhamisi nusu ya soko lilikuwa nyumbani linabembeleza, kama vile mtu mmoja alivyosema dirishani kule Wizarani.

Mwamvua alimpelekea shangazi yake uji. Mwalimu Havijawa aliupokea akamtazama machoni.

"Usiseme kitu," alisema.

"Sijasema kitu, Shangazi."

"Nakujua tangu hujaota meno. Likizo inaisha Jumapili. Rudi shule, ukae kimya, usome. Mimi ni mzee, watanifanya nini?"

"Watakupeleka mjini."

"Mjini nimeshafika. Hapana kitu."

Mwamvua akaondoka na kopo tupu.

Shauri lilisikilizwa Ijumaa, pale pale uwanjani, mbele ya watu wote. Mwenyekiti wa Tume alikaa chini ya hema. Mezani palikuwa na vielelezo: mkasi juu ya mto wake, na ndala moja ya mtoto, ambayo hakuna aliyekumbuka ilihusianaje lakini ilikuwa na namba ya jalada. Ncha za utepe zilikuwa bado zimefungwa kwenye ile miti mifupi. Askari walikuwa wamejaribu kuzifungua kwa kucha, kwa koleo, na kwa sala.

"Mtuhumiwa," Mwenyekiti alisema, "fundo hili ni la mtu mwenye ujuzi. Lifunge tena mbele ya Tume."

Mwalimu Havijawa akapewa kipande cha utepe. Akakifunga kama anavyofunga kamba za viatu vya watoto, masikio mawili ya sungura. Kombo akapiga makofi.

"Anaigiza!" alisema Mwenyekiti. "Anaficha ujuzi wake. Tume imeridhika. Apelekwe mjini leo hii."

Askari wakamshika mikono. Watoto, ambao hawakuelewa kitu kingine chochote, walielewa hilo, wakaanza kulia wote kwa pamoja, na Rehani akamshika gauni akagoma kuachia.

Hapo Mwamvua akasimama. Alikuwa amepiga moyo konde.

"Nipeni utepe," alisema.

"Mwamvua, kaa chini!" shangazi yake alifoka.

Hakukaa. Alipita katikati ya viti, akachukua kipande kutoka mezani, akaenda kwenye mti mfupi ukingoni mwa shimo. Akapitisha mara mbili. Akarudisha chini ya kidole gumba. Kisha ncha ya mwisho nikaivuta kwa meno.

Basi. Msimulizi ameteleza, na mmeona. Wengine mlishaona kwenye ladha ya sabuni, maana hakuna mtu wa kuaminika anayewaambia wenzake ladha ya utepe. Nakiri. Msichana mtulivu, asiyependa makuu, niliyemfahamu kwa mbali sana, ni mimi. Na utepe wa vyoo niliufunga mimi pia.

"Ni mimi," niliiambia Tume. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Nilifunga mimi. Shangazi hakujua. Nipelekeni mimi."

Mwenyekiti aliruka kitini kwa furaha. "Unakiri kwamba uliufunga utepe mahali pasipo pake?"

"Nakiri niliufunga, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kama ni pasipo pake, hilo utaandika wewe." Nikasimama wima kama tunavyosimama mstarini. "Naomba tu uandike kwa herufi kubwa, kwamba Mheshimiwa Waziri alikata pasipo pake. Kisha utie sahihi. Mimi ni mwanafunzi, sahihi yangu haitoshi."

 Mwenyekiti alitazama kalamu yake. Akatazama mkasi juu ya mto. Akawatazama wajumbe, nao wakatazama viatu vyao. Nikaona jasho likimtoka kwenye kipara, tone moja moja.

"Tume inakwenda kushauriana," alisema.

Walishauriana nyuma ya tingatinga. Waliporudi, Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa sauti ya kutikisa hema: kwamba Tume imechunguza kwa kina, kwamba hakuna mtu yeyote aliyeufunga utepe, kwamba utepe wenyewe, ukisukumwa na uzalendo, ulihama na kujifunga mbele ya mradi ulioupenda zaidi, na kwamba mtuhumiwa aachiwe huru.

"Lakini nilifunga mimi!" nikasema.

"Hukufunga."

"Nimefunga tena sasa hivi, mbele yako!"

"Binti," alisema Mwenyekiti, akikusanya karatasi zake haraka, "usiibishie serikali juu ya mambo uliyoyafanya wewe mwenyewe."

Wakapanda magari wakaondoka. Shangazi yangu alinifuata akanishika sikio, akalivuta mpaka nikasimama kwa vidole, kisha akanikumbatia kwa mkono huo huo bila kuliachia sikio. Halafu akapiga makofi akawaita watoto mchangani, na kabla ya adhuhuri vitumbua vya Mama Rehani vilikuwa vinanukia soko zima.

Leo pale ukingoni kuna kibao cha shaba kinachosema utepe ulijifunga wenyewe. Wageni huletwa kukisoma. Nami nimeandika haya yote kwa sababu hiyo moja. Utepe haukujifunga. Niliufunga mimi, kwa mikono yangu na meno yangu, na nilijua ninachofanya. Anayebisha aje Nidhamu Njema, bweni la tatu, nitamwonyesha fundo.

Na akija, aje na ndala ya Rehani.